Pasaka ya Nyumbani: Mayai, Vitendawili na Kunguru Wezi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Wazazi wameamua Pasaka hawatoki, wanakaa home, sasa wanaziogopa zile siku nne kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu wakiwa na watoto ndani ya kuta nne. Nimechagua chache, ambao sijawajibu msininunie, ukurasa ni mmoja tu.

Shikamoo Anti. Nina watoto watatu, wa kwanza miaka 11, wa kati 7, wa mwisho 4. Mwaka jana Jumatatu ya Pasaka tulienda beach, foleni ya kwenda masaa mawili, ya kurudi masaa matatu, chipsi kuku bei mara mbili, mdogo akapotea kama dakika ishirini hivi nusu nizimie, tukarudi nyumbani mimi na mume wangu hatuongei. Mwaka huu nimesema basi. Mume wangu anasema Pasaka ya nyumbani ni pilau na tiivii, hamna kingine. Watoto wameshaanza kununa. Nifanye nini? Bajeti yangu ya kawaida tu. — Mama wa Watatu, Kimara

Marahaba mama. Pole na hiyo beach, mtoto akipotea unaita jina mpaka sauti inakauka, naijua.

Mumeo kwenye pilau hajakosea. Ila pilau lenyewe tunavyolipika ndo shida, mama yuko jikoni peke yake, watoto wanaambiwa tokeni hapa mtaungua, alafu tunashangaa wamelala kwenye kochi wamenuna. Mtoto hachoshwi na nyumba, anachoshwa na kukaa hana kazi. Kwahiyo kabla hujanunua chochote gawa vyeo. Huyo wa 11 awe mpishi msaidizi wa kweli, sio wa kuosha sufuria, yani atwange hiliki na binzari nyembamba kwenye kinu mwenyewe, achambue mchele, na Jumapili wageni wakisifia pilau useme mbele yao nani ametwanga viungo. Wa 7 mkuu wa mapambo na mayai. Wa 4 mpe filimbi au kifuniko cha sufuria na mwiko, yeye ndo anaita watu mezani, na uvumilie tu maana ataita mara arobaini kabla chakula hakijaiva.

Ijumaa Kuu msianze na shamrashamra. Mkitoka kanisani kula chepesi, samaki au maharage, alafu mchana mtengeneze bustani ya kaburi. Chukua sinia la zamani, jaza udongo, lazeni kikopo kilichokatwa ubavuni kiwe pango, kifunikwe udongo na ukoka juu, tafuteni jiwe la duara la kuziba mlango, na vijiti vya misalaba mitatu. Watabishana jiwe lipi linafaa, waache wabishane, hapo hapo ndo unawahadithia. Jumamosi usiku wakishalala we nenda kimya kimya ulisogeze jiwe pembeni, ndani uache kipande cha kitambaa cheupe umekikunja. Asubuhi usiseme kitu. Huyo wa 4 ndo atakuja anakimbia, mama jiwe limetoka! Mi nilifanya hivi wangu wakiwa wadogo, mmoja sasa yuko chuo na mwaka jana kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi ananiambia mama, jiwe limetoka. Nikalia peke yangu jikoni.

Jumamosi ni siku ya mikono michafu. Mkande unga wa maandazi, kila mtu akate umbo lake, msalaba, samaki, jua, mmoja lazima atatengeneza gari usimkatalie. Wao wanakata, mafuta ya moto ni ya mtu mzima, hapo hakuna mjadala. Na mayai mnayapaka rangi siku hiyo hiyo, nitaeleza kwenye barua inayofuata.

Sasa Jumapili. Ule msako wa mayai watu wanauona kwenye simu, watoto wanakimbia bustanini na vikapu vya plastiki, kwetu una matatizo mawili. La kwanza Pasaka inaangukia masika, Dar mvua ya Machi na Aprili haikupi taarifa. La pili ni kunguru. Mwaka mmoja niliamka alfajiri nikaficha mayai sita ya kuchemsha nje, mengine chini ya ua la mchongoma, nikaingia kuoga, kutoka nakuta kunguru watatu wako juu ya ukuta wanakula sikukuu yangu, mmoja ananiangalia kabisa machoni. Tangu hapo msako wangu ni wa ndani na ni wa vitendawili.

Yani hivi. Hawapewi ruhusa ya kupekua nyumba yote, watakuvurugia. Wanakusanyika sebuleni, baba anasema kitendawili, wote tega! Mzungu kajishika kiuno. Wakipata kwamba ni kikombe wanakimbilia kabati la vyombo, nyuma ya vikombe kuna yai na karatasi yenye kitendawili cha pili. Kuku wangu katagia miibani, hilo nanasi, na hicho ndo nakipenda kuliko vyote kwa Pasaka maana kweli wanakuta yai limekaa nyuma ya nanasi. Ana meno lakini haumi, kitana, waende chumbani. Huku ng'o na kule ng'o, giza, hapo lazima mtu aingie uvunguni au stoo na tochi, mdogo atagoma, mwende naye. Wakishindwa wanampa baba mji, na baba asikubali mji rahisi rahisi, wakimpa Morogoro aseme amefika Morogoro hajapata hata chai, anataka Kigoma, akishapewa Kigoma asimulie alichokula huko ndo atoe jibu. Kitendawili cha mwisho ni nyumba yangu haina taa. Watu wazima wanajua ni kaburi, watoto watahangaika kidogo, alafu yule wa 11 atakumbuka lile sinia la Ijumaa, na wakifika pale wanakuta pango liko wazi na pembeni kuna bakuli la zawadi zao, hata kama ni pipi na biskuti tu.

Na ili mkubwa asijibu vyote yeye, vitendawili vingine mwachie mdogo peke yake, vile vya rahisi kama nyumba yangu haina mlango, yai, wakafungue friji.

Andika sehemu zote ulizoficha mayai na uyahesabu. Sisemi kwanini. Ilichukua wiki mbili na pazia moja kufuliwa.

Jumatatu mkeka nje kama hakuna mvua, rede, kombolela, kuruka kamba, mdako, na baba acheze rede kwenye kundi la kulengwa sio kukaa anatazama. Mvua ikinyesha chukua lile trei tupu la mayai, lina vishimo 30, kata mistari miwili ya vishimo sita sita, weka maharage manne manne kila kishimo, hapo una bao la watoto. Bao la kiswahili lenyewe lina mashimo 32 na kete 64 na linataka kichwa, hilo mumeo atawafundisha wakikua. Kama analijua.

Habari Anti. Mwaka jana nilijaribu kupaka mayai rangi na wanangu, nilinunua rangi za chakula za unga, nikachanganya na maji, tukatumbukiza mayai, yakatoka yana madoa madoa kama yana ugonjwa na mikono yetu ndo ikashika rangi siku tatu. Nilikosea wapi? — Mwalimu wa Mbeya

Nzuri mwalimu. Umekosea sehemu mbili na zote zinarekebishika. Kwanza siki, bila siki rangi haishiki vizuri. Ganda la yai ni chokaa, siki inalila kidogo juu juu na rangi inapata pa kung'ang'ania, ndo maana ukiweka yai kwenye siki unaona vipovu. Vijiko viwili vya chakula kwa kila bakuli vinatosha. Pili nadhani ulitumia yale mayai ya kisasa ya kahawia. Rangi ya njano juu ya kahawia inaonekana kama uchafu tu. Tafuta ya kienyeji yale meupe au ya rangi ya maziwa, madogo lakini yanapendeza.

Na rangi ya duka wala huihitaji. Wiki nzima kabla ya Pasaka usitupe maganda ya vitunguu, yale makavu ya nje, na muombe na jirani yako wa genge, ana gunia zima anafagia. Vikombe vitatu vilivyojaa maganda, lita moja ya maji, chemsha nusu saa, chuja, acha ipoe, tia siki, tumbukiza mayai ambayo yameshachemshwa dakika kumi mpaka kumi na mbili. Yanatoka rangi ya chungwa mpaka nyekundu ya matofali, ukiyaacha usiku mzima kwenye friji yanakuwa mekundu kweli. Wakristo wa Orthodoksi kule Ugiriki na Urusi ndo mayai yao ya Pasaka hayo, mekundu, kukumbuka damu ya Kristo, na maganda ya vitunguu wanayatumia miaka na miaka. Manjano vijiko vitatu kwa lita, unapata njano kali. Kabichi ya zambarau, hapo watoto watapiga kelele, maji ni ya zambarau ila yai linatoka bluu! Bitruti inatoa pinki iliyopauka, usitegemee sana.

Na hayo mayai ya kahawia uliyonayo tayari usiyatupe jamani, maganda ya vitunguu na kabichi yanayafaa, yanatoka meusi meusi ya kupendeza.

Ujanja mmoja, kabla ya kutumbukiza, bandika jani dogo la giligilani kwenye yai, livalishe kipande cha stokingi ya zamani ukaze na uzi. Ukitoa, alama ya jani imebaki nyeupe. Yakikauka futa na tone la mafuta ya kupikia, yanang'aa. Alafu mchezo wa mayai wa hao Waorthodoksi nao ni wa bure, watoto wawili wanagonganisha ncha kwa ncha, lako likipasuka umetolewa na unalimenya unakula, anayebaki na yai zima ndo bingwa wa nyumba.

Yai lililochemshwa likikaa nje masaa mawili inatosha, na kwenye joto kama la Dar lisizidi saa moja. Yanayobaki, mchuzi wa mayai Jumatatu.

Maganda ya mayai unayopasua jikoni, mkate juu tu, usioshe kwa nguvu, jaza udongo, panda choroko au mchicha Jumapili ya Matawi. Choroko ni siku mbili tatu imeshatoa kichwa. Pasaka ikifika kila mtoto ana shamba lake kwenye ganda, chora na macho na mdomo, mchicha unakuwa nywele. Kama unataka kuwasomea, Yohana 12, ile chembe ya ngano inayoanguka ardhini.

Anti, sisi tuko Hamburg. Mwanangu wa miaka 6 kaambiwa shuleni kwamba mayai ya Pasaka yanaletwa na sungura. Kaniuliza mama, sungura anataga? Nikamwambia hapana. Kaenda kuwaambia wenzake, wamelia darasa zima, nimeitwa shule. Sasa nyumbani nimfundishe nini, huyo sungura tumkubali au tumkatae? — Mama Mtanzania, Ujerumani

Hahaha pole sana dada, na mpe hongera mwanao, kasema kweli.

Huyo sungura ni wa huko huko ulipo. Tangu 1682 kuna daktari wa Kijerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za sungura anayeficha mayai bustanini watoto wayatafute, na Wajerumani waliohamia Pennsylvania karne ya 18 wakamvusha bahari, ndo mpaka leo Marekani nzima inamjua. Na mayai yenyewe yana sababu ya jikoni tu. Zamani Ulaya Kwaresima hawakula mayai kabisa, kuku sasa hawana habari na Kwaresima, wanaendelea kutaga siku 40, Pasaka inafika mayai yamejaa nyumbani. Wafanye nini? Wakapaka rangi, wakagawa, wakala.

Mi nisingemkataa, ningemleta wa kwetu akutane naye. Sungura wa hadithi zetu hatagi, anaiba. Yule aliyemdanganya fisi, aliyemdanganya simba, akaponea kisimani. Jumamosi jioni mzime taa, wewe useme paukwa, yeye aitikie pakawa, umtungie jinsi sungura alivyofika Ujerumani hana kazi hana makaratasi, akakuta kuku wana mayai mengi, akawaambia mimi nitawafichia wasiyaone fisi, na tangu hapo watu wote wanadhani ni yake. Mtoto akawahadithie wenzake hiyo, hakuna atakayelia na mwalimu atakuita kwa mengine.

Na msijifungie ndani. Jumamosi usiku hapo kwenu Hamburg, mtaa wa Blankenese, ukingoni mwa mto Elbe, kuna ile mioto mikubwa ya Pasaka, mpeleke akaone, alafu mwambie hata kanisani kwa bibi Jumamosi Kuu usiku padri anawasha moto mpya nje, mshumaa wa Pasaka unawashiwa hapo, watu wanaingia nao kanisa likiwa giza. Atashika haraka kuliko unavyodhani.

Asalaam aleikum na Bwana Yesu asifiwe, sijui nianze na ipi maana mtaa wetu umechanganyika. Watoto wa jirani ni Waislamu na wanashinda kwangu. Nikiwaita kwenye huo mchezo wa mayai mama yao atanielewaje? — Jirani wa Tanga

Zote zinafaa baba. We si Eid unaletewa biriani na sahani hurudishi tupu? Ndo hiyo hiyo. Mwambie mama yao kabla, mlango kwa mlango sio kwa meseji, kwamba tunaenda kanisani asubuhi, saa nane kuna pilau na mchezo wa vitendawili, naomba watoto. Sehemu ya bustani ya kaburi na Biblia ifanye na wanao asubuhi, mchana ni vitendawili na rede tu. Kuku au mbuzi achinjwe na Mwislamu na umwambie nani kachinja, usimwachie abahatishe. Mayai hayana shida. Na uangalie kalenda, 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi katikati ya Ramadhani, mwaka wa namna hiyo mnasogeza sahani mpaka magharibi mnafuturu wote.

Anti nina kijana wa miaka 14, kila ninachopanga anasema ni cha kitoto, amekaa na simu. — Baba Aliyechoka, Dodoma

Usimwite kwenye mchezo. Mwambie wadogo zake hawana wa kuwatungia vitendawili vipya na wewe kichwa chako kimechoka, atunge kumi, afiche mayai yeye, na apige video amtumie bibi. Simu abaki nayo. Na mchomo wa nyama Jumapili ni wake, mkaa, kijaluba cha chumvi, kila kitu, wewe kaa mbali usimsahihishe hata akiunguza vipande viwili.

Mwanangu anauliza kwanini Krismasi haihami ila Pasaka inahama hama. Nimekosa jibu. — Mama Doreen, Moshi

Inafuata mwezi, mama Doreen. Baraza la Nikea mwaka 325 lilitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja, na hesabu iliyokuja kukubalika baadaye ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Kwahiyo haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. 2026 ni tarehe 5 Aprili, 2027 inarudi nyuma mpaka 28 Machi. Ila usimwambie tu, mtoe nje. Alhamisi Kuu ya 2026, tarehe 2 Aprili, mwezi ni mpevu, mkishaoshana miguu nyumbani kama wanavyofanya kanisani, hiyo nayo watoto wanaipenda maana wanamkuna baba nyayo, basi mtoke mkauangalie. Moshi mawingu yakiwaonea huruma mtauona mzima mzima.

shkamoo anti mi nina miaka 9 mama kasema niandike mwenyewe. nataka kumfichia baba yai asilipate kabisa. nifiche wapi

Marahaba mwanangu. Ndani ya kiatu chake cha kanisani, mbele kabisa kwenye vidole. Ila hakikisha limechemshwa.